Mwenye Maandazi Hajataja Jina

Buffalo, 6 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Salamu kwako na kwa Baba. Mdogo wangu Gatera naye msalimie, ingawa ujumbe wangu hajibu.

Umesema mambo ya maana yasipite kwenye simu kwa sababu simu ina masikio. Haya, naandika. Kaa kwanza. Nimeingia sororiti.

Usimwite mchungaji bado. Sororiti ni umoja wa dada hapa chuoni. Wana nyumba yao, wana rangi zao, wana herufi za Kigiriki kwenye fulana, na wana mambo yao ya ndani ambayo hata mimi sitaambiwa mpaka nitakapoapishwa mwezi ujao. Wavulana nao wana zao. Yetu ni ya wasichana wanaosoma uhandisi peke yao.

Najua utauliza kwa nini. Mama, kwenye karakana mimi ndiye msichana pekee katika kundi langu. Tukipewa chuma cha kukereza, wavulana wanashika mashine, mimi wananipa kalamu niandike vipimo. Mwaka wa kwanza wote nimekuwa karani wao. Hawa dada wamenionyesha nani wa kumwona ili nipate saa zangu za mashine. Jioni tunakaa meza moja tunafanya hesabu, na nisipokula wananiuliza. Nilikuwa nakwambia kwamba niko sawa. Sikuwa sawa, Mama. Sasa ndiyo niko.

Kuna jambo moja linanichekesha. Kila anayeingia anapewa dada mkubwa, lakini haambiwi ni nani. Mwezi huu wote huyo dada anamwekea zawadi mlangoni kisirisiri, halafu siku ya mwisho anajitokeza. Jana nimefungua mlango nikakuta maandazi, yana moto bado, yana iliki, yamefungwa kwenye kitambaa kisafi. Leo karanga za kukaanga. Buffalo hii nani anajua kwamba mimi ni mtu wa maandazi ya iliki? Nawatazama wote usoni, hakuna anayejichekea.

Mwanao,
Isaro


Louisville, 11 Oktoba 2024

Florida mdogo wangu,

Sikuandikii kukusalimu. Salamu utazipata kwa watu wa kanisa wanaokuja huko Columbus. Nakuandikia kukuuliza neno moja, na unijibu bila kuzunguka mbuyu: ni wewe?

Isaro ameingia kundi la wasichana chuoni, wanavaa herufi za Kigiriki. Mimi Kigiriki nakijua kwenye Ufunuo tu, Alfa na Omega, na hapo nakiheshimu. Kwenye fulana sikijui. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Kuna mtu anamwachia zawadi mlangoni na hataji jina. Zawadi ya kwanza ilikuwa maandazi ya iliki. Katika ukoo wetu nani anatia iliki kwenye maandazi? Mama hakutia. Mimi sitii. Ni wewe uliyejifunza kwa Waswahili wa mtaa wa Buyenzi, na ni wewe unayemletea kila ukija Louisville.

Ngoja, bado. Juzi niko kwenye mapumziko kazini, kule Jeffersontown, simu ikalia, namba ya Buffalo. Sauti ya msichana, Kiswahili safi cha redioni. "Shikamoo mama. Naomba picha ya Isaro alipokuwa mtoto mchanga, lakini tafadhali usimwambie." Nikamuuliza, "We ni nani?" Akacheka. "Ni siri, mama, mpaka siku yenyewe." Nikamwambia, "Bon, na mimi picha yangu iko siri." Nikakata.

Sasa niambie nani duniani anaitaka picha ya Isaro mchanga. Unajua kama ninavyojua kwamba sina. Nilimpokea mikononi mwako pale Bujumbura akiwa ameshaota meno, wewe msichana wa shule usiye na mume, mimi mke nisiye na mtoto. Tuliweka mikono juu ya Biblia ya Baba kwamba ni wangu na hataambiwa kamwe. Na wale wa mahojiano ya ukimbizi, kabla ya safari ya huku, mimi na mume wangu Sebineza tuliwaambia ametoka tumboni mwangu. Mwenye picha ya uchanga wake ni mtu mmoja, na yuko Columbus.

Hapa mtaani Iroquois hakuna anayeniita Mukandoli. Dukani, kanisani, hata wazungu wa kazini, mimi ni Mama Isaro. Gatera nilimzaa mwenyewe, hapahapa Louisville, na hakuna aliyewahi kuniita kwa jina lake. Ukimchukua Isaro unanichukulia na jina. Sebineza anasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nasema ung'ongo hautembei, na huu unatembea.

Jibu upesi.

Dada yako mkubwa, yaya wako,
Mukandoli


Columbus, 15 Oktoba 2024

Yaya,

Barua yako nimeisoma kazini, nikiwa nimekaa na bibi ninayemtunza. Nikalia mpaka yeye ndiye akanishika mkono, akaniuliza nani amekufa.

Si mimi. Buffalo sijawahi kufika. Iliki inauzwa kila duka, na Waswahili wa Buyenzi hawakunifundisha mimi peke yangu.

Lakini na mimi nikuulize. Tangu nifike Amerika nakuja kwako, naitwa mama mdogo, naitika. Siku Isaro alipomaliza hai skuli mlijipanga kwa picha ya familia, ukanipa mimi simu niwapige. Nikawapiga. Nikarudi Columbus nikamwambia mume wangu Karaha kichwa kinaniuma. Mungu hakunipa mtoto mwingine, Yaya, unalijua hilo, na sijawahi kukudai huyu hata kwa mzaha. Mtu anayetaka kuiba ungemwona anazungukazunguka. Mimi nimekaa kimya mlangoni kwako nikilinda.

Picha ninayo. Amevaa kofia ya manjano, mimi nimemshika, uso wangu unaonekana nusu. Ukiitaka nitakutumia. Upande wangu nitaukata kwa mkasi. Sema tu.

Jambo moja tunakubaliana: huyo anayeficha jina na mimi simwamini. Karaha ana ndugu zake Cheektowaga, hapo jirani na Buffalo, wana ibada ya shukrani tarehe ishirini na sita. Nitakwenda naye, na nikiwa huko nitapita chuoni nimwone huyo mwenye maandazi kwa macho yangu. Usinikataze, maana sikuombi.

Florida


Louisville, 18 Oktoba 2024

Isaro mwanangu,

Barua yako imefika ikiwa imefunguka pembeni. Sijui nani ameisoma njiani.

Dada mwema anajificha kwa nini? Mimi wema wangu wote nimeufanya mchana, watu wakiona. Na hicho kiapo, unaapa kwa nani? Ukishaapa mlango wa kutokea uko wapi? Na maandazi ya mtu usiyemjua unayalaje, wewe mtoto niliyekukataza hata peremende za jirani? Jibu yote, usiruke hata moja.

Habari ya karakana imeniuma kuliko hayo. Mbona hukuniambia? Siku yangu ya kwanza ghalani walinipa ufagio. Niliuegemeza ukutani, nikaenda kwa msimamizi, nikamwambia nataka kufundishwa foklifti. Leo nikipita nayo wanaume wananipisha. Kalamu yao warudishie.

Huyo msichana wa simu amepiga tena, anataka picha yako ya uchanga. Alisema nisikwambie, lakini mimi sipokei amri ya mtu asiye na jina. Nimemtumia moja ili anipe nafasi ya kupumua. Ni wewe, ukiwa na siku chache tu. Usiichunguze sana. Watoto wote wakiwa wachanga wanafanana.

Mama mdogo wako anasema atapita huko. Mpokee vizuri, mpe chai, ila asikawie, ana safari ndefu.

Mama yako


Buffalo, 28 Oktoba 2024

Mama,

Mchawi wako amejitokeza. Anaitwa Delfina, yuko mwaka wa mwisho, anasoma umeme. Ni Mrundi aliyezaliwa kambini Tanzania, kwao ni Cheektowaga, na mama yake anakaanga maandazi kila Jumamosi kwa ajili ya kanisa lao. Iliki ni ya mama yake. Alipojitokeza nilimrukia shingoni nusura tuanguke wote wawili. Kwa hiyo hilo limekwisha.

Lingine halijaisha. Siku hiyo wanabandika ukutani picha ya uchanga ya kila anayeingia, na watu wanakisia nani ni nani. Picha yangu walipoibandika, dada wakapiga kelele kwa furaha: "Na wewe una blanketi!" Kumbe hospitali za huku karibu zote zinawafunga watoto blanketi lilelile, jeupe lenye mistari ya waridi na buluu. Ukuta mzima ulikuwa umejaa hilo blanketi. Wakaniuliza nilizaliwa hospitali gani.

Mimi nilizaliwa Bujumbura, Mama. Umeniambia hivyo, na karatasi zangu zinasema hivyo. Nikasogea karibu. Sikio la kushoto limejikunja juu. Huyo ni Gatera.

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya sambusa mkononi. Nikamwonyesha huku nacheka, nikidhani na yeye atacheka. Akageukia dirishani. Nikamuuliza kama analia, akasema ni vumbi. Nyumba hii tunaifagia kwa zamu kila siku.

Labda ulikosea picha kwa haraka. Kama ni hivyo niambie, nitaamini.

Tarehe kumi Novemba tunavishwa beji. Kila msichana anavishwa na mama yake. Hatumkani Yesu, Delfina mwenyewe ni mwanakwaya. Njoo, tafadhali. Nimeomba kiti chako kiwe cha mbele.

Isaro


Columbus, 12 Novemba 2024

Yaya,

Jumapili nimesimama mahali pako. Usinune kabla hujamaliza kusoma.

Isaro alingoja jibu lako. Akapiga simu, Gatera akasema uko kazini. Akapiga tena, ukamwambia una mafua, ukakata. Ndipo akanipigia mimi. "Mama mdogo, unaweza kuja? Sitaki kile kiti kibaki wazi." Nilitaka kwanza nikuombe ruhusa. Kisha nikajiambia ruhusa nimekuomba vya kutosha katika maisha haya.

Wamepanga mstari, wote nguo nyeupe. Mama mmoja mmoja anaitwa, anakuja mbele, anasema yeye ni nani, ndipo anamvisha wake. Wanawake wale walikuwa wanasema kwa sauti kubwa, "Mimi ni mama wa fulani," na watu wanapiga makofi. Zamu yangu ikafika. Delfina alikuwa pembeni anitafsirie. Mdomo ulishafunguka, Yaya. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikasema, "Mimi ni mama yake mdogo. Nimetumwa na mama yake, kazi imemzuia." Wakapiga makofi. Nimekusitiri, na mara ya pili sitaweza.

Ile beji ina sindano nyuma. Katika kuipitisha nikamchoma. Hakushtuka. Alinitazama jinsi Mama yetu alivyokuwa akitazama maziwa anayoshuku kwamba yametiwa maji. Tulipotoka nje akaniuliza taratibu, "Picha yangu ya uchanga unayo wewe?" Nikamwambia amuulize mama yake. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, na mtoto huyu ana akili.

Nimekasirika nawe kuliko nilivyowahi kukasirika. Ulimwacha mtoto anangoja kwa sababu ya woga wako.

Florida


Buffalo, 14 Novemba 2024

Mama,

Sikukasirika kwamba hukuja. Hapana, nilikasirika, sasa imepungua.

Nakuja nyumbani sikukuu ya Shukrani. Kuna jambo mnalolijua wewe na mama mdogo. Nafikiri nalijua, lakini kufikiri si kuambiwa. Ningeweza kumbana yeye, ni mwepesi, angesema palepale kwenye theluji. Sikutaka. Nikilisikia kwake nitakuwa nimelisikia nyuma ya mgongo wako, na wewe hupendi mambo ya nyuma ya mgongo.

Nataka kinywa chako. Ukinidanganya nitajua, na nitarudi Buffalo siku hiyohiyo.

Kalamu nimewarudishia. Wiki hii mashine nimeishika mimi.

Isaro


Louisville, 19 Novemba 2024

Florida,

Nimeanza kumwandikia Isaro, nikachana. Nikaanza tena, nikachana. Jambo hili halikubali karatasi. Njoo Jumatano, mkesha wa sikukuu. Lete ile picha, na usikate upande wako.

Umenisema na umesema kweli. Nilikuwa kwenye gari alfajiri ya siku ile ya beji, nimevaa, nimefunga kitenge kipya, Sebineza ameshawasha injini. Nikamwambia azime. Niliogopa wataniambia niseme mimi ni nani.

Nikwambie lingine. Tangu barua yako ya kwanza nilijua si wewe. Lakini sikuacha kukushuku, kwa sababu mimi ningekuwa wewe ningemwiba. Ningeshamwiba zamani, Florida. Nisingeweza kukaa mlangoni kwa mtu nikitazama wangu anamwita mwingine mama. Nikawa nakupima kwa moyo wangu, na moyo wangu si mzuri kama wako.

Nitasema mimi. Wewe kaa tu, usinisaidie hata nikikwama. Akikukimbilia, usimsukume kwa kunionea huruma. Nikitoka kwenda kukaa garini, msinifuate. Sebineza nimemwambia. Amesema, "Bon, mwambieni tu. Mutoto iko mukubwa." Halafu akaendelea kula.

Mukandoli


Columbus, 3 Desemba 2024

Yaya,

Nimefika salama. Hatukuagana vizuri, kwa hiyo naandika.

Ulisema vizuri. Hukujisifu, hukunisingizia, hata shule yangu na aibu yangu ulivitaja kwa upole. Ulipomaliza mimi nilikuwa nimeshaondoa mkoba mapajani, nimeuweka chini, tayari kumpokea. Naye akainuka, akapita mbele yangu, akaja kwako. Akaweka kichwa kwenye kitenge chako akalia mpaka kikalowa. Mimi alinipa mkono mlangoni wakati wa kuondoka, mikono miwili, kwa heshima, kama anavyompa mke wa mchungaji. "Asante, mama mdogo." Picha aliichukua. Hakuuliza kama ninayo nyingine. Sina.

Sikulaumu na simlaumu yeye. Siku zote nilidhani nimekuachia kitu ambacho siku moja kitarudi chenyewe kikijua njia. Kumbe njia hiyo haipo. Imeniuma, na nakwambia kwamba imeniuma, kwa sababu nimechoka kusema kichwa kinauma.

Krismasi sitakuja. Usimlazimishe kunipenda. Niacheni kidogo.

Florida


Louisville, 9 Desemba 2024

Isaro mwanangu,

Nilichoogopa kukipoteza hakikupotea, na bado sina raha. Tangu ile siku unanipigia kila ukitoka darasani. Nikiona jina lako nafurahi mpaka naona haya, maana kuna mtu Columbus ambaye simu yake hailii. Karaha ameniambia anakwenda kazini, anarudi, anageukia ukuta. Chakula anakigusa tu.

Najua kwa nini ulinijia mimi ukampa yeye mkono. Uliona mimi ndiye nitakayeanguka. Ni kweli ndivyo ninavyoonekana, nina kelele, nikiumia mtaa mzima unajua. Yeye hana kelele, kwa hiyo ameanguka mbele yetu sote na tukaendelea kukata kuku.

Sasa nakuagiza, na hili si ombi. Mwandikie. Usimpigie, atakwambia yuko sawa. Muulize mambo ambayo mimi siwezi kukujibu. Ulizaliwa asubuhi au jioni? Ulilia au ulinyamaza? Nani alikuwepo? Nani alikupa hili jina? Ile habari ya mvua kubwa iliyonyesha siku uliyozaliwa, niliyokuwa nikikusimulia ukiwa mdogo ukiniomba nirudie, niliitunga. Sikujua kama ilinyesha. Ulipokuwa ukizaliwa mimi sikuwepo, mwanangu. Yeye alikuwepo.

Na pale juu, unapoanza barua kwa kumwita mtu, usiandike mama mdogo. Andika anavyostahili. Mkono utakataa mara ya kwanza, ulazimishe. Sitakuuliza umeandika nini. Na akikujibu, barua yake usinisomee.

Mama yako,
Mukandoli